Siku Baba Alipokula na Shangazi Agripina

Ifakara, Jumamosi, Aprili.

Mvua haijakatika tangu asubuhi, na viatu vyangu bado vina tope la Lupiro. Nimerudi mjini jioni hii na uzito kifuani ambao sijui niuite furaha au msiba.

Leo tulirudisha matokeo ya utafiti kijijini kwetu, Lupiro.

Mimi ni mtafiti msaidizi katika chuo kikuu cha umma. Nilipojiunga, timu yetu ya kifafa ilikuwa na chumba cha kuazima na pikipiki mbovu. Sasa tuna maabara, madaktari na wanafunzi wa uzamili, na zahanati za bonde hili zinapata dawa kwa sababu utafiti ulionyesha kwamba wagonjwa wengi wanafichwa majumbani. Watu wananipongeza. Lakini mimi niliifuata kazi hii kwa ajili ya mtu mmoja tu.

Shangazi Agripina, dada mdogo wa baba, alianza kuanguka akiwa msichana. Siku moja aliangukia motoni, jikoni. Waliokuwepo walimwona mkono ukiungua wakaogopa kumgusa, wakiamini povu lake lingewaambukiza. Tangu hapo akawa anakula peke yake, kwenye kibanda nyuma ya nyumba.

Aliyeamua hivyo ni baba. Hakuwa mkatili. Alikuwa na watoto wadogo na woga mwingi. Hata hivyo nimemkasirikia miaka yote, kimyakimya, huku nikimwamkia shikamoo kila asubuhi.

Shangazi alipoanza vidonge, kuanguka kulipungua. Tangu mavuno yaliyopita hajaanguka kabisa.

Mkutanoni, daktari wetu alieleza polepole, mara kwa Kiswahili, mara kwa Kipogoro. Kifafa hakiambukizi. Si kwa mate, si kwa povu, si kwa kula pamoja. Anayeanguka mvute mbali na moto, umlaze ubavu.

Baba akasimama.

"Daktari, una hakika?"

"Nina hakika, mzee."

"Hata kwa sahani moja?"

"Hata kwa sahani moja."

Akaketi. Hakunitazama.

Tulipofika nyumbani mama alikuwa amepakua wali na samaki. Baba aliupita mkeka wetu, akanawa mikono, akatoka kwenye mvua hadi kibandani nyuma. Nikamfuata, nikaishia mlangoni. Alichuchumaa mbele ya dada yake, akamega tonge kwenye sahani ya shangazi, akala.

Shangazi aliacha kula. Akawa anamtazama akitafuna.

"Kaka," akasema, "mama yetu alikufa bila kula na mimi tena."

Tonge lilimkaa baba mdomoni muda mrefu. Machozi yalimtoka, naye hakuyafuta. Kisha shangazi akajivuta pembeni, akampisha mahali pasipovuja.

Wakala wote wawili.

Kila mwaka tunaandika ripoti ya faida ambazo jamii imepata. Tutataja dawa, zahanati, wanafunzi waliohitimu. Yote ni kweli, na ninajivunia. Ila yale aliyoyasema shangazi sijui niyaandike wapi.

Jumatatu tunaanza vijiji vya kule Mngeta. Nimeambiwa kuna nyumba ambayo binti wa hapo, mwenye kifafa, haruhusiwi kutoka nje.

Naomba tumkute mama yake akiwa hai.