Kidoti ya Puta

Kashikishi, Nchelenge
Tarehe 9 mwezi wa sita 2024

Mpendwa mutoto wangu Priscille,

Jambo sana, mama. Baridi ya Lusaka inakutendea je? Kile kikohozi kiliisha? Unakula muzuri, ao ni chai na mukate tu? Siye huku tunapumua, Mungu anatuchunga. Papa yako goti inamusumbua.

Mujomba wako Mwamba njo anakuletea hii barua. Muache aingie, na weye ukae karibu naye mbele ya kuendelea. Habari ya namna hii hatuisemake kwa telefone, unajua.

Ni juu ya ile kazi yako ya kompyuta, ile picha ya vidoti, kila kidoti mutu moja aliyekufa mu ziwa. Unaweka kidole, kikaratasi kinatokea na maneno. Ulinielezaka kama mukubwa wako wa kazi alitaka tarehe na fasi mutu alipopatikana tu, na weye ukapitisha siku mbili kuandika amri mupya ili nguo nazo zionekane, jamaa watambue mutu wao. Nilicheka. Nani atatambua mutu kwa nguo?

Juma iliyopita nilimuomba Florence, muke wa kaka yako mukubwa, yaya Valère, anisomee ile picha mu telefone. Anapita kidoti moja moja, mie nachambua samaki. Kufika mwezi wa kumi akasoma: "Puta. Mwanaume. Jina halijulikani. Shati ya njano." Akafunika telefone na kiganja.

"Endelea basi! Mwiba imekukaba?"

"Mama, keti kwanza."

"Si niko chini tayari? Soma!"

"Kifungo moja nyeusi, imeshonwa na uzi ya wavu, ya kijani."

Priscille, ile kifungo niliishona mie. Asubuhi ile Valère anavuka ziwa kwenda Kilwa ya Congo kutafuta mawese, uzi ingine sikuwa nayo. Akanicheka: "Mama, unanishona na wavu, leo niko samaki?" Hiyo njo neno ya mwisho aliniachia.

Mutumbwi yao ilipatikana tupu upande wa Congo, siye wote tukamutafuta kule. Kumbe maji ilimupeleka huku upande wetu, mpaka kijiji ya Puta. Papa yako alienda Puta. Muvuvi moja, Aubrey, njo alimutoa na kumuzika, akamufunika na mukeka yake mwenyewe. Kile kifungo alikichunga. Sasa niko nacho, nimekifunga mu kitambaa.

Miezi minane papa yako alikataa tukae kilio, eti mutu hajaonekana hajakufa. Sahani ya Valère ilifunikwa kila siku. Jana papa yako aliiosha mwenyewe, akaipindua. Kilio inaanza leo.

Mutoto wangu, usijilaumu eti uliandika yaya yako na mikono yako bila kumujua. Siku ya kifungo haukuwa hapa. Bila yale maneno yako tungali tunafunika sahani.

Nakuomba kitu moja mbele ya kupanda basi na Mwamba. Fungua kompyuta, futa "jina halijulikani", andika Valère. Nguo usifute. Nikitoa kidole kile kikaratasi kinapotea, njo jana nilikaza kidole pale mpaka telefone ikazima yenyewe, Florence akanigombeza. Nikiiwasha tena, nataka nimukute na jina yake.

Papa yako, Florence na shangazi Pierrette wanakusalimia. Aubrey naye, hata hakujui. Mungu akushike mukono mu njia yote, uvae sweta.

Mama yako akupendaye siku zote,
Emilienne