Siku Niliyovuta Kamba ya Baba

Chumba cha nyuma ya stoo,
Gereji ya Baba.
Jumatatu, 9 Juni.

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu zangu, mimi dada yako niliyekufuata kuzaliwa. U hali gani huko ughaibuni? Wifi hajambo? Yule kitinda mimba wenu ameshaota meno ya mbele, au bado anawang'ata kwa fizi? Na mgongo wako uliokuwa ukikusumbua kwenye baridi, umepoa? Naomba uwe umepoa, maana haya ninayokuandikia yanataka mtu akae kitako.

Sisi huku wazima. Mama magoti ni yale yale, ila ulimi hauna kasoro. Mimi ndiyo usiseme. Tangu juzi Jumamosi nacheka peke yangu, na ovaroli yangu ya bluu nimeivaa tena. Hata sasa naandika nikiwa nimeivaa.

Habari za mwezi wa tatu wewe ulizisikia kwa simu tu, kwa hiyo ngoja nikueleze nilivyoziona mimi. Corolla ya mkunga ilikosa breki kwenye mteremko wa zahanati, siku mbili baada ya mimi kumfungia pedi mpya za mbele. Akaenda kujipigiza ukutani, akavunjika kifundo cha mkono wa kulia. Mkunga, Kaka, na mkono wa kulia!

Shemeji yetu, mume wa mdogo wetu, yule tunayemwita Mkurugenzi tangu alipojiwekea kibao cha jina mezani na kuanza kuvaa tai gerejini, aliwahi kwa Baba kabla yangu. Akamwambia nimefunga pedi kuukuu kwa haraka zangu, na zile mpya nimeziuza pembeni. Boksi la hizo mpya akaenda nalo mkononi, safi, lina nembo ya Toyota. Pedi zenyewe zilizokatika zikayeyuka, hadi leo hakuna aliyeziona.

Nilijitetea mpaka sauti ikakauka. Baba akanivua ovaroli mbele ya mafundi wote, akaniambia nimemuulia jina. Miaka kumi na sita nimelala chini ya magari pamoja na mzee yule! Nikafungasha spana zangu kwenye mfuko wa unga, nikaenda kuziba pancha kwenye kituo cha mafuta. Wateja wangu wa zamani wakija kujaza tangi walikuwa wanajifanya hawanioni. Nikaapa. Nikasema Mkurugenzi atautapika ukweli mahali palepale nilipovuliwa ovaroli, na Baba atausikia kwa masikio yake mwenyewe. Kingine sikutaka, hata mshahara sikuutaka.

Unaikumbuka hadithi ya Baba, ile aliyokuwa akitusimulia huku ananawa grisi kwa sabuni ya unga? Kwamba Toyota haikuanzia kwenye magari, ilianzia kwenye nguo. Mtoto wa seremala huko Japani alimwona mama yake akihangaika kufuma, akaanza kubuni mitambo, na baada ya miaka mingi akapata mtambo ambao uzi ukikatika unasimama wenyewe, kitambaa kibovu kisiendelee. Mwanawe ndiye aliyegeukia magari, na mwaka 1937 kampuni ya magari ikazaliwa. Baba akifika 1966, mwaka wa Corolla ya kwanza, alikuwa anasimama wima utadhani wimbo wa taifa unapigwa.

Mimi nilipenda pale alipotusimulia walivyopeleka magari Marekani, yakashindwa kukimbia kwenye zile barabara ndefu. Hawakulaumu barabara. Wakaacha kuyauza, wakarudi nyumbani kujiuliza wamekosea wapi. Hata miaka ya karibuni wamewahi kuyaita magari kwa mamilioni yarudi kukaguliwa. Baba alikuwa anasema watu wanaiamini Toyota kwa sababu imekubali kuaibika hadharani. Wewe ulikuwa unasinzia akifika hapo.

Na kiwandani kwao mfanyakazi yeyote akiona kasoro anavuta kamba, kazi inasimama, watu wanauliza kwa nini, kisha kwa nini tena, mpaka mara tano, waifikie kasoro kwenye mzizi wake. Ndiyo maana Baba alitundika ile kengele na kamba yake kati ya jeki ya pili na ya tatu. Hata mfagiaji ana haki ya kuivuta. Ikilia, spana zinawekwa chini, na hakuna kuziokota mpaka maswali matano yajibiwe.

Mkurugenzi alipokabidhiwa funguo za gereji aliikata ile kamba. Eti inatisha wateja.

Sasa sikia. Mwezi uliopita dereva wa lori la mikate alisimama kituoni kwetu na gari lake dogo, breki zinalia. Kuzifungua, nakuta pedi kama zile nilizomfungia mkunga, na dereva ananiambia amezinunua gereji kwetu. Nikazikwangua kwa ukucha tu, ile sehemu nyeusi ikabanduka kwenye chuma. Kwa ukucha, Kaka! Nikakaa juu ya tairi. Nikamfungia nyingine, zile nikazitia mfukoni, nikanyamaza kimya. Nilitaka siku nzuri.

Siku nzuri akaniletea Mkurugenzi mwenyewe. Alitangaza kwamba Jumamosi atazindua bango jipya lenye jina lake, na akamwalika Baba alibariki. Kwa kuwa Baba anakuja, ikambidi airudishe kamba. Akafunga mpya, nyekundu, inang'aa. Fundi wa bodi aliponipigia simu kunisimulia nilicheka mpaka mteja akaniuliza kama naumwa.

Jumamosi saa nne asubuhi gereji ilifurika. Wateja, majirani, viti vya kukodi, Baba mbele kabisa na shati lake jeupe. Mdogo wetu anagawa soda. Mimi nikaingia na mkunga, yeye kaushika mkono wake ambao mpaka leo haukunjiki sawasawa. Mkurugenzi alikuwa katikati ya hotuba. Sikumsalimia mtu. Nilipita moja kwa moja, nikaivuta ile kamba kwa mikono miwili, kengele ikalia hadi vioo vikatetemeka.

"Mtoeni huyu!" Mkurugenzi akafoka.

Hakuna aliyesogea. Mafundi walikuwa wameshaweka spana chini, ndivyo walivyofunzwa. Baba akanitazama kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu, akasema, "Kengele imelia. Uliza."

Nikauliza kwa nini breki za mkunga zilikatika.

"Si wewe uliyezifunga?"

"Sijauliza nani, shemeji. Nimeuliza kwa nini."

Akaanza kuzunguka. Nikatoa zile pedi mfukoni, nikampa Baba, nikamwomba azikwangue. Baba akakwangua. Unga mweusi ukamwagikia shati lake jeupe. La kwanza likawa limejibiwa: pedi zilikuwa feki.

La pili, kwa nini feki zikaingia kwenye stoo yetu? Mkurugenzi akasema alitapeliwa, hajui zilitoka wapi, wauzaji siku hizi ni wengi. Hapo fundi wa bodi akainama, akavuta katoni analolalia akiwa kazini kutoka chini ya gari. Amelilalia tangu mwezi wa pili, limelowa oili kila kona. Akaligeuza upande wa pili, akaliinua juu. "Zilitoka humu," akasema, "nilipakua mwenyewe."

Kaka, mwandiko wako naujua tangu ulipokuwa unanifanyia hesabu za shule. "Pedi halisi, za mbele, Corolla. Kwa Gereji ya Baba." Ile herufi ya B yenye mkia.

Nilikwenda pale kumkaanga Mkurugenzi, na nilikuwa nimeshapasha mafuta. Sikujua nitakukuta wewe ndani ya sufuria. Lakini kengele ilikuwa imeshalia, na maswali yalikuwa bado matatu.

Nikauliza la tatu: kwa nini hazikukaguliwa? Mkurugenzi akaona anazama peke yake, akachomoa simu. "Sifi peke yangu!" akapiga kelele. Akasema alizikagua, jozi ya kwanza ilimvunjikia mikononi, na alikuambia, wiki tatu kabla ya ajali. Nikauliza la nne: kwa nini basi ziliendelea kufungwa? Akampa fundi umeme simu, na unamjua fundi umeme na sauti yake ya redio. Akasoma jibu lako neno kwa neno: "Malizia mzigo, hakuna atakayejua. Likitokea la kutokea, Dada ndiye anayefunga breki."

Mkunga akakaa chini, akaushika mkono wake. Mdogo wetu akadondosha kreti la soda, akaondoka bila kuangalia nyuma, na huyo ndiye pekee niliyemwonea huruma.

Nisikudanganye, nilifurahi. Nilichukua spana namba kumi, nikapanda ngazi, nikalifungua lile bango bolti moja baada ya nyingine, taratibu, Mkurugenzi akiwa amesimama chini na tai yake. Bolti ya mwisho nilimdondoshea miguuni. Ile aibu aliyonivisha nilitaka aivae akiwa anatazamwa, na aliivaa. Kila usiku wa miezi mitatu niliiwaza sura ile, na ilikuwa tamu kuliko nilivyoiwaza. Polisi walikuja kumchukua maelezo mchana huohuo, na simu yake wanayo wao. Mkunga amewapa na jina lako.

Baba aliniita, akanivalisha ovaroli mwenyewe, akafunga vifungo mpaka cha shingoni. Kisha akaniambia la tano bado. Nikamwambia la tano ni la Kaka. Akatikisa kichwa, akasema, "Hapana, la tano ni langu: kwa nini mimi niliyewafundisha wote kuuliza, mwanangu nilimhukumu bila kumuuliza hata mara moja?"

Nikamjibu, Kaka. Nilimwambia ni kwa sababu siku ile alikupigia simu kwanza, akaweka sauti kubwa, nikiwa nimesimama pale pale. Alikuwa analia. Akakuuliza, "Unamjua dada yako, anaweza kufanya hivi?" Nawe ukasema, "Baba, Dada ana haraka siku zote." Baba hakuwa na haja ya kuuliza tena, kwa kuwa alikuwa ameshamuuliza mtu anayemwamini.

Hilo ndilo jibu la tano, na baada ya hilo kazi ikaruhusiwa kuendelea. Leo tumefungua saa mbili. Gari la kwanza ni la mkunga, natengeneza bure, pedi nimeenda kuzichagua kwa wakala mwenyewe.

Usipige simu. Nimekuwa nikikusamehe tangu utotoni, mpaka ukadhani ni kazi yangu. Safari hii sitakusamehe, na usinitumie watu. Ukija, utakuja kusimama chini ya ile kengele na kuongea na mkunga uso kwa uso.

Nisalimie wifi, yeye sina neno naye. Wabusu watoto. Fundi wa bodi na fundi umeme hawakusalimu. Mama anakusalimu, yeye ni mama, afanyeje. Mungu akulinde na akurefushie maisha, uyaishi ukiwa na akili zako timamu na kumbukumbu zako zote.

Nilimpa Baba kalamu aongeze salamu zake hapa chini, kama kawaida yake. Aliishika muda mrefu, kisha akanirudishia.

Ni mimi dada yako, niliyekupenda kuliko wote nyumbani,

Fundi Mkuu.