Mbegu Niliyoivisha Kanga

Mpendwa mshauri, shikamoo. Naomba msaada wako kabla sijaiacha chaki kabisa.

Mimi ni mwalimu wa darasa la kwanza hapa Mungaa, na kwa kuwa vitabu havitufikii tena tangu biashara yake iachiwe watu binafsi, huwa nawachorea watoto hadithi za sayansi kwenye karatasi za mifuko ya saruji, halafu tunafanya jaribio dogo ili waone kwa macho yao. Mwezi wa tisa nilichora hadithi ya mbegu ya alizeti, na ili waipende nikaipa uso wa mama, nikaifumba macho, nikaivisha kanga gubigubi na kuilaza chini ya udongo, picha ya pili inamwagiwa maji, picha ya tatu inaamka inacheka juani. Tukaweka mbegu kwenye glasi yenye pamba iliyolowa, siku ya tano zikaota, watoto wakapiga makofi, nami nikavimba kichwa.

Sikumkumbuka Ritha. Ana miaka saba, mama yake alizikwa mwezi wa saba nyuma ya zizi la babu yake, na mtoto alimwona akiteremshwa kaburini na kanga yake. Tangu somo lile, kila akitoka shule anachota kidumu cha maji kisimani, mwendo wa nusu saa, anaenda kumwagilia kaburi. Bibi yake, Yunisi, alidhani ni heshima tu, akamsifu.

Nilipopata habari nilienda kaburini nimekusudia kumweleza Ritha ukweli, lakini nilipomwona ameinama pale anaongea na udongo nikamkumbuka mama yangu aliyefia Rungwa nikiwa chuoni, nikafika ameshazikwa siku tatu, na nakuambia bila kuficha, nilimpokea Ritha kidumu nikamwagilia naye, na kwa dakika ile nilitamani iwe kweli.

Wiki iliyopita Ritha kanishika mkono: “Mwalimu, njoo uone, mama ameanza kutoka.” Ni gugu tu, lina majani mawili. Bibi amesema atapalilia kaburi kabla ya Krismasi. Nikisema ukweli naona kama namuua mama yake mara ya pili, nikinyamaza jembe litasema kwa niaba yangu. Nifanyeje?

Mwalimu Aneth, Mungaa

*

Marahaba, Mwalimu Aneth. Poleni sana, wewe na Ritha. Baada ya pole, nikugombeze.

Kuchora si kosa. Chora mpaka mifuko ya saruji iishe wilayani. Kosa lako ni kwamba uliwaonyesha mbegu inayoota tu, hukuweka pembeni na ile isiyoota ili wajue tofauti. Ulikimbilia makofi. Na kile kidumu! Mtu mzima, mwenye cheti cha ualimu, unamwagilia kaburi? Nakuelewa, mama hana mbadala, lakini uchungu wako umembebesha mtoto wa miaka saba.

Anza na Bibi Yunisi, na uende wiki hii hii. Mwamkie vizuri, mweleze yote, mwombe asiguse jembe kwanza. Atakufokea, vumilia. Kisha mkalishe Ritha umwambie kwa maneno mafupi: mama amekufa, maji hayatamrudisha, na mwalimu alikosea kuichora mbegu kama mama. Usiseme amelala wala amesafiri. Ukishasema, nendeni wote kaburini, aling'oe gugu lile yeye mwenyewe, mtazame mizizi yake pamoja. Aione ni mmea kama mmea mwingine wowote. Baadaye darasani weka glasi mbili, moja ya mbegu mbichi na nyingine ya mbegu uliyoikaanga, uwaulize watoto kwa nini moja haikuota. Usiwajibie. Ritha atajua kabla ya wenzake, na atajua kwa akili yake mwenyewe.

Shule ikifungwa, tafuta usafiri uende Rungwa. Hukumzika mama yako, ndiyo maana bado unamsubiri.

Mtoto atakuuliza, “Sasa nitamwona lini?” Mwambie hujui. Habari za mbinguni bibi yake anazifahamu kuliko sisi wawili, mwachie yeye. Akilia, usimpe pipi wala hadithi. Mpakate, mlie wote wawili.