Jina langu na gari lako

Mjukuu wangu Elia,

Hapa Buffalo tunamshukuru Mungu. Goti la bibi yako limepata nafuu, na Jumapili aliimba kwaya akiwa amesimama mpaka mwisho.

Safari hii umetuamkia vizuri kuliko kawaida, nikaanza kushuku. Mwishoni mwa barua yako nikaona sababu. Bima yako imepanda kwa sababu ya tiketi ya polisi ya kuendesha kasi kupita kiasi, na unauliza kama gari lako liandikishwe kwa jina langu, kwa kuwa leseni yangu haina pointi za makosa. Unasema tiketi ni moja. Shangazi yako wa Louisville anasema ni mbili.

Nilipokuwa kijana kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, tuliazimana kadi za posho kama chumvi. Siku moja nilimpa jirani kadi yangu akachukue unga. Yeye akatoka nayo nje ya kambi bila kibali, akakamatwa, akaionyesha. Lililoandikwa likawa jina langu. Jirani alirudi jioni akicheka, akasahau. Mimi, kila nilipoomba kibali, karani alifungua daftari, akanitazama usoni, akasema, "Kumbe ndiye wewe." Hata kwenye mahojiano ya kuja Marekani niliulizwa habari hiyo.

Sijakasirika kwamba umeniomba. Lakini gari linalala Columbus na mimi nalala Buffalo, na anayeulizwa ni yule aliyeandikwa.

Njoo Pasaka, bibi yako anataka kukuona. Beba tiketi zote mbili tuzisome pamoja.

Na uje kwa basi.

Babu yako,
Zakaria