Mashine ya Usama Imo Ndani ya Kompyuta

Jumatatu, 8 Septemba 2025
Nimeanza hifadhidata ya karakana ya Ami Amur, ndugu yake baba, hapa Mkoani. Amechoka kupekua makabati ya stoo kila mtu akija kuulizia spea ya mashine ya boti. Anataka kompyuta ijibu.
Jedwali moja tu: kila kifaa, na namba ya kile kilichokibeba. Impela imo ndani ya pampu ya maji, pampu imo ndani ya gia boksi, gia boksi imo ndani ya mashine. Safi! Ami kacheka — haya Yumna, basi tuwajue na babu zao.

Alhamisi, 11 Septemba
Imenigomea. Sili, kile kipira cha kuzuia maji, hiyo hiyo moja inaingia kwenye pampu za aina mbili. Mtoto ana mama wawili! Nimefuta, nimeanza upya: jedwali la vifaa peke yake, na la pili la kusema nini kimo ndani ya nini. Sasa ukitafuta kifaa inateremka yenyewe, ngazi kwa ngazi, mpaka chini.
Nilitaka mashine nzima ya kujaribia. Mashine nzima ipo moja tu humu stoo, ya kaka Usama. Aliinunua, hakuivulia hata msimu mmoja, akaenda zake Maskati. Mama kaifunika kanga. Isiguswe mpaka mwenyewe arudi.
Sikuigusa. Nimeiandika tu, kifaa kwa kifaa. Kuandikwa kuna dhara gani?

Jumapili, 14 Septemba
Mama kauliza kazi yangu inakwendaje. Na mashine ya kakako imo? Imo, Mama. Akafurahi! Kama nimemsajili Usama mwenyewe. Kaka kila Ijumaa akipiga simu anasema atarudi mwakani inshaallah. Mwaka jana pia alisema mwakani.

Jumanne, 16 Septemba
Najuta. Najuta!
Kaja Haroub, nahodha wa boti inayovusha wagonjwa kutoka Kisiwa Panza. Gia boksi imekatika meno. Ami akaniita: haya, iulize kompyuta. Nilibonyeza kwa furaha — mteja wa kwanza wa kweli! Ikateremka ngazi zote, ikajibu: Gia boksi. Ipo. Ndani ya mashine ya Usama.
"Alhamdulillahi!" Haroub akasema.
Ami akatazama kioo cha kompyuta, si mimi. "Kumbe ipo."
Sikuweka safu ya kusema hiki si cha kutolewa. Safu moja! Ndiyo au hapana. Wala sikufikiri.
Nikamwambia, "Ami, Mama hajaulizwa."
"Spea ije kutoka Unguja lini? Kule Panza Mwanakhamis ana mimba ya mapacha, keshaanza kuumwa. Nimwambie Haroub mashine imefunikwa kanga?"
Nilitoka nje nisiwaone wakiifungua. Ami kasema atamwambia Mama mwenyewe.

Jumatano, 17 Septemba
Mapacha wamezaliwa, wazima, na mama yao mzima. Haroub kapiga simu analia. Nimefurahi — na furaha haikai.
Nimebadilisha mstari: gia boksi imetoka kwa Usama, imeingia mashine ya Panza. Sekunde tu.
Ami hajamwambia Mama. Na mie sijamwambia. Mama kanipakulia wali, kanichagulia mnofu wa samaki. Nimekula nimeinama.

Ijumaa, 19 Septemba
Mama kaja karakana baada ya sala. Habari kaipata sokoni, watu wanampongeza! Kaingia stoo moja kwa moja. Mashine ipo juu ya stendi, chini haina kitu. Kanga imekunjwa pembeni.
Hakupiga kelele. Kauliza, "Nani kasema humu kifaa kimo?"
Ami akajifanya anapekua kabati. Nikasema, "Mie, Mama. Mie niliyeiandika."
"Nyie mnadhani mie ningemwacha mtoto wa watu afe kwa ajili ya chuma?" Sauti imekauka. "Mngeliniambia, kanga ningeliifunua kwa mkono wangu. Kunificha ndiko kulikoniuma."
Tukarudi nyumbani, Mama mbele, mie nyuma.

Alasiri, Ijumaa hiyo hiyo. Usama kapiga simu ya video, Mama kanipa nipokee mie. Kaka anacheka, kanyoa, koti lipya. "Yumna! Nimepata ruhusa kazini, nakuja mwezi ujao, na huku sirudi tena. Ile mashine i salama? Mwambie Ami aiwashe kidogo."
Mama kaketi pembeni, kasikia kila neno.
Nimesema mtandao mbovu. Nimekata.
Anapiga tena. Namnyooshea Mama simu, haipokei; anataka nimwambie mie. Ananitazama.