Jumanne za Mama

Morioka, Novemba

Dada Chizuru,

Shikamoo. Theluji imewahi mwaka huu, na paka amenenepa hata hawezi kuruka dirishani.

Unajua Mama anavyojua kupika tambi za soba. Sasa kwa nini kila Jumanne mchana apande basi kwenda kuzila kwenye kimgahawa cha karibu na stesheni? Udadisi ulinishinda, juzi nikamfuata.

Nilimkuta kaunta, anavuta tambi kwa kelele. Pembeni yake palikuwa na kiti kitupu, kisha Baba. Ndiyo, Baba yetu, ambaye uliapa hutalitaja jina lake. Hawakuwa wakisemezana. Mama alimsogezea tu kichupa cha pilipili bila kumtazama, maana mkono wa Baba unatetemeka.

"Wako hivyo tangu Aprili," mwenye mgahawa aliniambia kwa sauti ya chini. "Kaa, binti. Za moto au za baridi?"

Nikaomba za moto, nikakaa katikati yao. Mama hakushtuka.

"Kula kabla hazijavimba," alisema.

Baba amekonda sana. Mama aliniambia baadaye kwamba daktari hana matumaini naye. Pale kaunta Baba hakuomba msamaha wala hakujieleza. Aliuliza jambo moja tu:

"Chizuru bado anachambua vitunguu vyote na kuviweka kando ya bakuli?"

Nilimwambia sijui. Najua sana, Dada, ila nilitaka umjibu mwenyewe.

Mdogo wako,
Natsuho