Godoro Lililosubiri Krismasi

Dada yangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta umesimama, na kwamba mguu uliokuwa umevimba sasa unakubali kuingia kiatuni. Shemeji kifua chake kinaendeleaje? Na wapwa zangu je, yule wa mwisho bado anabishana na walimu wake? Kama bado, mwambie mjomba wake anamwomba aache. Mimi mwili ni mzima. Mengine utayasoma.

Uliniuliza Mama Mdogo amelipokeaje godoro la hewa ulilomtumia, na kama kile kidonda cha mgongoni kimeanza kufunga. Maswali mawili mafupi, nami ndiye mtu anayejulikana mtaa mzima kwa kujibu hata asichoulizwa. Safari hii nimekaa mezani siku sita nikishindwa kuyajibu hayo mawili. Nivumilie nianze na kanisa, maana huko ndiko nilikokuwa Desemba nzima.

Unakumbuka Mama Mdogo alivunjika nyonga akisugua ngazi za kanisa lile lile alilolifagia miaka kumi na minane. Kanisa lilimshukuru kwa kadi yenye picha ya malaika. Basi ilipokaribia Krismasi, Kamati ya Huruma ikatangaza utaratibu wake: kila mhitaji aje mwenyewe, akae benchi la mbele, aitwe jina, apokee blanketi na unga mbele ya watu, apigwe picha. Asiyefika amejiondoa mwenyewe. Nilisimama kikaoni nikauliza kama aliyevunjika nyonga aje kwa mabawa, na kama ni hivyo, wamwazime yale ya malaika wa kwenye kadi. Watu walicheka sana. Mwenyekiti wa kamati, yule mama wa duka la dawa ambaye mimi nimempa jina la Mama Utaratibu, hakucheka. Alisema kaka yangu, umesoma sana, lakini mwaka juzi tuliwapa ndugu blanketi wawapelekee wagonjwa, na wagonjwa wakatetemeka kwa baridi huku ndugu wamejifunika. Ndiyo maana tunataka kumwona mtu kwa macho. Nilimjibu kwamba hiyo ni hoja ya askari wa lango, si ya Mkristo.

Nikarudi nyumbani nikaandika waraka. Kurasa kumi na moja, Dada. Unajua kazi yangu pale kiwanda cha uchapaji ni kusahihisha maandiko ya wengine, kwa hiyo haukuwa na kosa hata la nukta. Nilieleza kwamba wamegeuza umaskini kuwa maonyesho, kwamba Mtoto tunayemsherehekea hakuwaambia wachungaji waje na barua ya utambulisho, kwamba kanisa linalomngoja mgonjwa apande ngazi zake halimtafuti mgonjwa, linatafuta picha. Niliubandika kwenye ubao wa matangazo. Ukachanwa. Nikabandika mwingine, nikaongeza kurasa mbili. Mpaka leo sioni sentensi ya kufuta. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Katika siku hizo jirani yake Mama Mdogo, yule mfua nguo mwenye sauti kubwa, alinisimamisha njiani mara tatu. Mgonjwa anahitaji kugeuzwa, akasema, na kumgeuza ni kazi ya watu wawili, yeye peke yake anamuumiza tu. Nilimwambia nakuja nikimaliza kuandika. Mara ya tatu aliniambia mbele ya watu wa bombani kwamba maneno yangu yangekuwa nguo, angekuwa keshayafua yote na kuyaanika, na bado mama wa watu amelalia matambara. Nilicheka na wenzangu. Kutoka mlango wangu hadi wa Mama Mdogo ni milango minane.

Sasa Krismasi yenyewe. Baada ya mahubiri nilisimama bila kuitwa. Mimi na rafiki yangu fundi mwashi tulikuwa tumelijaza godoro upepo kule nyuma, tukalipitisha katikati ya kanisa mpaka mbele ya madhabahu, watu wakinyoosha shingo. Nilisema dakika kumi na tisa. Nilisema hili godoro ni la mwanamke aliyezifagia nyayo zenu, na kama yeye hawezi kuja kwenu, basi leo ninyi mwende kwake. Wazee walipiga makofi. Mchungaji alifuta macho, akasema twendeni. Tukatoka kanisa zima tukiimba, godoro limeinuliwa juu ya vichwa, mimi mbele. Nisikudanganye, Dada. Sijawahi kuwa na furaha kama ile maishani mwangu.

Wimbo ulikatika mlangoni. Harufu ndiyo iliyoukata. Kwaya ilirudi nyuma hatua tatu. Mama Utaratibu alivua saa yake, akampa mtu ashike, akakunja mikono ya gauni lake la sikukuu, akaingia. Akaagiza maji ya moto, akaagiza dawa na bandeji kutoka dukani kwake, akamwambia mfua nguo, shika hapo bega, mwenzangu, mimi nashika kiuno. Walimgeuza. Niliona mfupa. Mimi nilikuwa nimesimama kizingitini na karatasi za hotuba mkononi.

Mama Utaratibu, bila kuinua kichwa, aliuliza godoro hili lilifika lini. Nikajibu, jana jioni. Na Mama Mdogo, uso wake umeelekea ukutani, akasema ndiyo, jana, nami niliambiwa.

Dada, halikufika jana yake. Lilifika wiki tatu na siku mbili kabla ya Krismasi. Mchukuzi aliniletea likiwa limekunjwa ndani ya boksi, pamoja na pampu yake na karatasi yako ya maelezo, iliyosema alilalie siku hiyo hiyo. Niliisoma karatasi, nikaikunja. Nilifikiri, nikimpelekea sasa, nani ataona? Hoja yangu ilihitaji mgonjwa aliyesahauliwa, na aliyelazwa vizuri hahesabiki kuwa amesahauliwa. Boksi nikaliweka chini ya meza. Waraka wote ule niliuandika miguu yangu ikiwa juu yake. Mama Utaratibu aliweka utaratibu wake kwa sababu ya ndugu kama mimi, nami nilimwita askari wa lango.

Kuna jingine, na hili nimelijua juzi hospitalini, alikolazwa Mama Mdogo baada ya Krismasi. Mchukuzi hakuijua nyumba yangu. Aliulizia njia dirishani kwa Mama Mdogo, akamweleza anapeleka godoro la mgonjwa, limetoka kwa binti yake mkubwa. Yeye mwenyewe ndiye aliyemwelekeza kwangu. Kwa hiyo alijua. Wiki tatu alilala akijua liko milango minane kutoka pale alipo. Mfua nguo anasema kila asubuhi Mama Mdogo alimwambia asihangaike kumgeuza, mwanangu atakuja leo.

Nilimuuliza kwa nini hakutuma mtu anidai. Alisema, baba, mtu aliyesoma kama wewe hafanyi jambo bila sababu, nikaona ningoje. Hakuwa ananichoma, Dada. Alikuwa anaamini.

Madaktari wamekata nyama iliyooza mara mbili. Kidonda kimeingia mfupani na homa haishuki. Muuguzi alisema angelazwa vizuri mwanzoni mwa Desemba, pangekuwa pamebaki ngozi nyekundu tu. Alisema kwa upole, akinitazama kama mtoto mwema wa mgonjwa. Mama Utaratibu anakuja kila siku na uji. Kamati imefuta utaratibu wake, ushindi ni wangu, na Jumapili wamenichagua kuwa katibu. Mchungaji amehubiri mara mbili juu ya godoro lililofika mkesha wa Krismasi, ameliita mkono wa Mungu. Jumapili ijayo nitasimama bila kuitwa, kama kawaida yangu, niwaambie lilifika lini. Haitachukua dakika kumi na tisa.

Mama Mdogo amenikataza kukuandikia haya. Anasema utaumia bure, nikuambie tu kwamba godoro ni laini na lilifika wakati wake. Nimekuambia. Njoo, Dada, usingoje mguu upone vizuri. Anakutaja wewe akilala, na akiamka ananishukuru mimi.

Msalimie shemeji, uwakumbatie wapwa zangu, na hao wote wasisomewe barua hii mpaka wewe mwenyewe umeamua mimi ni nani kwao.

Ni mimi, mdogo wako.